Kazi Kabla ya Cheo: Edith Clarke na Elimu ya Uhandisi

Tunapotaja utamaduni wa taifa, fikira za wengi wetu hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi, na mila za arusi na jando. Hayo ni kweli, walakini si yote. Namna jamii inavyogawa kazi ni sehemu ya utamaduni wake. Na namna inavyoamua nani afundishwe nini, na akishafundishwa aitwe nani, ni sehemu hiyo hiyo. Majumbani mwetu tumezoea kusema kwamba kazi hii ni ya kiume na ile ni ya kike, wala mara nyingi hatuulizi ni nani aliyeipanga orodha hiyo na kwa ushahidi gani.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwaletea walimu na wanafunzi habari za Edith Clarke, mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuwa profesa wa uhandisi wa umeme. Ni mtu wa nchi ya mbali, lakini elimu aliyoishughulikia haikubaki kwao. Popote umeme unaposafirishwa kwa nyaya ndefu kutoka mitoni hadi mijini, hesabu za aina aliyozifanya ni lazima zifanywe. Kadhalika, swali linalotokana na maisha yake linatuhusu na sisi: mtu akiifanya kazi kwa ustadi lakini akanyimwa jina la kazi hiyo, yeye amepoteza nini, na jamii yake imepoteza nini?

Utoto na Masomo

Edith Clarke alizaliwa tarehe 10 Februari 1883 katika jimbo la Maryland, mashariki ya Marekani, katika nyumba ya watoto tisa. Alipofikia umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili, akalelewa na dada yake mkubwa. Wazazi walikuwa wamemwachia urithi. Katika zama zile msichana wa hali yake alitazamiwa kuutunza urithi kama huo mpaka siku ya kuolewa. Yeye aliutumia kwa masomo. Aliingia Chuo cha Vassar, chuo cha wanawake katika jimbo la New York, akasoma hisabati na elimu ya nyota, akahitimu mwaka 1908.

Baada ya hapo alifundisha hisabati na fizikia, kwanza katika shule moja ya San Francisco, kisha katika Chuo cha Marshall huko West Virginia. Ualimu wa shule ulikuwa miongoni mwa kazi chache ambazo mwanamke msomi aliruhusiwa bila ya maneno mengi. Lakini moyo wake ulivutwa na uhandisi, na mwaka 1911 akajiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin kusoma uhandisi wa ujenzi. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, alikwenda New York kufanya kazi ya muda wakati wa likizo. Likizo ilikwisha, naye hakurudi Wisconsin.

Wakokotozi

Kazi hiyo ya likizo ilikuwa katika kampuni ya simu ya AT&T, na jina lake linahitaji maelezo. Msomaji wa leo akisikia neno kompyuta hufikiri juu ya mashine. Katika miaka ile neno hilo lilikuwa jina la binadamu, yaani mtu aliyeajiriwa kukokotoa hesabu kwa mkono, kwa kalamu na majedwali, tangu asubuhi hadi jioni. Sisi tutawaita wakokotozi. Katika makampuni mengi ya Marekani wakokotozi walikuwa wanawake, baadhi yao wenye shahada, na wahandisi walikuwa wanaume. Mhandisi aliuliza swali. Mkokotozi akalitafutia jibu. Na mhandisi akalitia jibu hilo katika ripoti yake.

Edith Clarke alifanya kazi hiyo chini ya George Campbell, mtaalamu aliyetumia hisabati kutatua tatizo kubwa la simu za wakati huo. Sauti iliposafiri mbali ndani ya waya ilififia na kupotoka hata isisikike. Ilikuwa lazima kujua kwa hesabu waya utaifanyia nini sauti kabla ya kutandazwa nchi nzima. Mwaka 1915 mazungumzo ya simu baina ya New York na San Francisco yalifunguliwa rasmi, na dunia ikastaajabu. Nyuma ya ufanisi wa namna hiyo palikuwa na kurasa nyingi za tarakimu, na wengi wa wale waliozijaza kurasa hizo hawakutajwa.

Muda si mrefu Bibi Clarke alipewa jukumu la kuwafundisha na kuwaongoza wakokotozi wenziwe. Tungependa msomaji alitie jambo hili moyoni, kwa kuwa huo ndio ulikuwa mwanzo wa ualimu wake katika uhandisi. Darasa lilikuwapo, wanafunzi walikuwapo, na somo lilikuwa gumu. Lililokosekana lilikuwa jina. Jioni alihudhuria masomo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Mwaka 1918 aliacha kazi, akajiunga na Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Mwaka 1919 chuo hicho kilimpa shahada ya pili ya uhandisi wa umeme, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata hapo. Alitafuta kazi ya uhandisi, asiipate. Hatimaye kampuni ya General Electric, yenye makao makubwa huko Schenectady, ilimpa kazi ya kuwasimamia wanawake wakokotozi katika idara ya mitambo ya tabo. Shahada ilikuwa mpya, lakini kazi ilikuwa ile ile ya zamani.

Kwenda Uturuki na Kurudi

Mwaka 1921 Bibi Clarke aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa chombo cha kukokotolea alichokibuni mwenyewe. Alipewa haki hiyo mwaka 1925. Ili kukithamini chombo hicho inafaa tueleze kazi yake kwa ufupi. Waya mfupi wa umeme hesabu zake ni nyepesi. Lakini waya ukiwa mrefu sana, huhifadhi umeme kidogo na kuuzuia kidogo katika kila hatua ya urefu wake, na athari hizo hujumlishana njiani. Fomula zinazoeleza hali hiyo ni ndefu, na kuzitatua kwa mkono kulichukua muda mwingi. Chombo cha Bibi Clarke kilizigeuza fomula hizo kuwa mistari iliyochorwa, hivyo mhandisi aliweza kuusoma umeme wa waya wa hadi maili 250, yaani kama kilomita 400, bila ya kupitia msitu wote wa tarakimu.

Huo ulikuwa uvumbuzi, lakini pia ulikuwa ualimu. Mwalimu mzuri hulichukua jambo gumu, akalipanga upya mpaka mtu wa akili ya kawaida aweze kulishika. Mwanamke aliyepitia miaka mingi ya kukokotoa alijua vizuri kuliko mabwana waliouliza maswali mahali gani hesabu inachosha na mahali gani makosa huingilia.

Juu ya hayo yote, kampuni haikumpa kazi ya uhandisi wa umeme wala cheo cha mhandisi. Mwaka huo huo wa 1921 alifunga safari mpaka Istanbul, mji ambao wageni walikuwa bado wakiuita Constantinople, akafundisha fizikia katika chuo cha wanawake. Mji huo ulikuwa mikononi mwa majeshi ya mataifa yaliyoshinda Vita Kuu, na dola ya Waosmani ilikuwa katika siku zake za mwisho. Wasichana waliendelea kusoma fizikia.

Mwaka 1922 alirejea Marekani, na General Electric ikamwajiri tena, safari hii akiwa mhandisi wa umeme. Wanahistoria humhesabu kuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake kuajiriwa rasmi kwa cheo hicho. Hapa tusimame kidogo tupime. Elimu aliyokuwa nayo mwaka 1922 ilikuwa takriban ile ile aliyokuwa nayo mwaka 1919. Shahada yake haikuongezwa hata moja. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwajiri. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba wanawake wa zama zile hawakuwa wahandisi kwa sababu hawakuwa na ujuzi, wanapaswa kueleza ni ujuzi gani ulioongezeka katika miaka hiyo mitatu.

Nyaya Ndefu

Tarehe 8 Februari 1926 Edith Clarke alisimama mbele ya mkutano wa Chama cha Wahandisi wa Umeme wa Marekani, akasoma karatasi yake ya kitaalamu. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo kabla yake katika chama hicho. Mada yake ilihusu uthabiti wa mifumo ya kusafirisha umeme, na tutajaribu kuieleza kwa mfano wa nyumbani.

Tuwafikirie watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akiinua mchi, mwenziwe anashusha, na kazi huenda kwa mwendo mmoja. Sasa mmoja wao akizidisha nguvu ghafla, au mwingine akichelewa, michi hugongana na kazi husimama. Mashine za kuzalishia umeme zilizoungwa kwa waya nazo hutakiwa kuzunguka kwa mapigo yanayoafikiana, ingawa baina yao pana mamia ya kilomita. Kadiri waya unavyorefuka, na kadiri umeme mwingi zaidi unavyosukumwa ndani yake, mwafaka huo hulegea. Upo mpaka ambao ukivukwa mashine hupotezana, na miji huingia gizani. Mpaka huo uko wapi? Ndilo swali aliloshughulika nalo, na katika miaka ile lilikuwa swali la dharura, kwa sababu mabwawa yalijengwa mbali na mijini na nyaya zilikuwa zikirefushwa kila mwaka.

Aidha, alishughulikia tatizo jingine. Umeme mkubwa husafirishwa kwa fezi tatu, yaani mikondo mitatu inayofuatana. Mambo yakiwa shwari, mikondo hiyo hulingana. Mti ukiangukia waya mmoja, ulinganifu huvunjika, na hesabu huwa fumbo. Mwaka 1918 mhandisi Charles Fortescue alionyesha jinsi ya kuligawa fumbo hilo katika sehemu zilizolingana. Edith Clarke aliiendeleza njia hiyo, akaipanga upya kwa namna inayorahisisha hesabu za hali nyingi zinazotokea katika kazi. Njia yake hujulikana kwa jina lake mpaka leo, nayo hutumika katika kuendeshea mota za umeme kwa mitambo ya elektroniki ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona.

Mwaka 1943 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya hesabu za mifumo ya umeme wa mkondo geu, na juzuu ya pili ikafuata mwaka 1950. Wahandisi na wanafunzi walikitumia kwa miaka mingi. Yule ambaye zamani alijaza kurasa za watu wengine, sasa alikuwa na kurasa zake.

Mwalimu wa Texas

Mwaka 1945 alistaafu General Electric, akarudi Maryland kwenye shamba. Wengi katika umri huo hutafuta kivuli. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 64, aliitwa na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin awe profesa wa uhandisi wa umeme. Historia yataka uangalifu, na tusiseme kwamba alikuwa profesa wa kwanza mwanamke katika uhandisi wote. Lillian Gilbreth alikuwa amekwisha kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue tangu mwaka 1935. Katika uhandisi wa umeme, Bibi Clarke ndiye aliyetangulia. Alifundisha huko kwa karibu miaka kumi, akawa pia mshauri wa wanafunzi wa shahada za juu. Mwaka 1948 chama kile kile cha wahandisi wa umeme kilimpa daraja ya juu ya uanachama, ambayo mwanamke hakuwahi kuipata kabla yake.

Mwaka huo wa 1948 gazeti la wanafunzi lilimhoji. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna anayetafuta mhandisi mwanamke kwa sababu tu ni mwanamke, kama watu wanavyotafuta daktari mwanamke. Lakini mtu yeyote anayeweza kufanya kazi nzuri, huyo siku zote anahitajiwa.

Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi ili kuwatia moyo wasichana, nasi tunayaheshimu kwa kuwa yanatoka kwa mtu aliyejua asemalo. Walakini tukiyaweka kando ya maisha yake mwenyewe, tunaona kwamba yanasema nusu ya habari. Kazi yake nzuri ilihitajiwa mwaka 1912, ikahitajiwa mwaka 1919, hilo hatulikatai. Ilihitajiwa ifanyike bila ya cheo chake. Kumhitaji mtu na kumkiri ni mambo mawili mbalimbali. Punda huhitajiwa sana na mwenye mzigo, lakini hakuna anayemwuliza njia.

Pia haifai tunyamaze kuhusu upande mwingine wa chuo kile. Wakati mlango wa idara ya uhandisi ulipomfungukia mwanamke huyu, milango mingine katika ua ule ule ilikuwa imekomewa. Mwaka 1946 Heman Sweatt, Mmarekani Mweusi, aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas, akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ni lazima apokewe. Wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza waliingia chuoni hapo mwaka 1956. Kwa hiyo tunapomsifu Edith Clarke kwa kupita pale ambapo hapakuwa na njia, tukumbuke kwamba yeye alikuwa na urithi wa kulipia masomo na rangi isiyomzuilia mlangoni. Ni wangapi waliokuwa na akili kama yake, wakakosa vyote viwili? Majina yao hatunayo, na kukosekana kwa majina hayo ni sehemu ya historia hii.

Mwaka 1954 Chama cha Wahandisi Wanawake cha Marekani kilimpa nishani yake ya heshima. Alifariki tarehe 29 Oktoba 1959. Mwaka 2015 jina lake liliingizwa katika jumba la kitaifa la kuwaenzi wavumbuzi wa Marekani.

Mafunzo Kwetu

Huku kwetu nyaya ndefu si habari ya vitabuni. Kituo cha Kidatu kilipoanza kazi mwaka 1975, umeme wa mto Ruaha Mkuu ulisafirishwa kwa nyaya za kilovolti 220 kupitia Morogoro mpaka Dar es Salaam. Umeme wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililojengwa kutoa megawati 2,115, hupita katika nyaya za kilovolti 400 mpaka Chalinze. Kila waya wa namna hiyo una mpaka wake wa uthabiti, na ni lazima pawe na mtu wa kuuhesabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, ili watu wa kuzifanya hesabu hizo wapatikane nyumbani. Ikiwa nusu ya watoto wa taifa wataambiwa mapema kwamba hesabu hizo haziwahusu, hasara si ya watoto hao peke yao.

Maisha ya Edith Clarke yanatufunza kwamba ubaguzi wa kazi haufanyiki siku zote kwa kumfukuza mtu. Mara nyingine hufanyika kwa kumkaribisha, kumpa sehemu ngumu ya kazi, kisha kuiita sehemu hiyo kwa jina dogo. Wakokotozi hawakufungiwa nje ya uhandisi. Walikuwa ndani yake tangu asubuhi, ila hawakuitwa wahandisi.

Basi mwalimu wa fizikia anapogawa vifaa vya maabara, tunamwomba atazame vikundi vyake kwa makini. Ni nani anayeshika nyaya na kuziunga katika betri? Na ni nani aliyepewa daftari, akaambiwa aandike majibu kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri? Akikuta kwamba kila siku ni msichana yule yule mwenye daftari, na ayabadilishe mambo hayo kabla ya kengele kulia.